Chokoleti, Kashata, Labania au Visheti: Kipi Kipikwe Nyumbani kwa Siku ya Wapendanao?

Tarehe 14 Februari hutukuta watu wa pwani katikati ya kaskazi, wakati mchana wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa hufikia nyuzijoto 32 au 33, hewa imejaa unyevu, na moto wa jiko unaongeza joto juu ya joto. Ni msimu ambao siagi hulainika mezani kabla mkate haujakatwa. Kwa hiyo anayetaka kumwandalia mwenzi wake kitamutamu kwa mkono wake, badala ya kununua boksi dukani, ana swali ambalo maelekezo mengi ya mapishi ya sikukuu hii hayalijibu, kwa sababu waandishi wake wako katika nchi ambazo Februari ni baridi: kipi kitamfikia mpenzi kikiwa bado na sura na ladha iliyokusudiwa?

Ninalinganisha hapa vitamutamu vinne vinavyoweza kupikwa katika jiko la kawaida, yaani trufo za chokoleti (vidonge laini vya chokoleti na krimu), kashata za nazi, labania na visheti, kisha nitagusa biskuti na vingine vichache kwa ufupi. Vipimo vyangu ni vitatu: muda na mwendo kati ya jiko na mlaji, vyombo vilivyomo nyumbani, na uzoefu wa mpishi. Ladha sikuifanya kipimo cha kusimama peke yake, kwa sababu vyote vinne ni vitamu vikipikwa sawasawa, na hakuna anayeujua ulimi wa mlaji kuliko yule anayempikia.

Uzito wa kipimo cha kwanza niliujua katika mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Nilikesha nikitengeneza trufo 24, nikazipanga katika kisanduku chenye umbo la moyo, na saa saba mchana nikamkabidhi kijana wa bodaboda azipeleke kazini kwa mume wangu, mwendo wa kama dakika 40 kwa msongamano wa siku ile. Zilipofika zilikuwa zimeungana kuwa donge moja lililogandamana na karatasi. Alizila kwa kijiko na akashukuru kwa moyo wake wote, lakini mimi nilihuzunika, kwa sababu kile nilichokipanga kwa mikono yangu hakukiona.

Chokoleti

Kilichotokea siku ile hakikuwa kosa la kijana wala la kisanduku. Mafuta ya kokoa, ambayo huifanya chokoleti iwe ngumu mkononi na kulainika mdomoni, huyeyuka karibu na nyuzijoto 34, yaani chini kidogo ya joto la mwili wa mtu, nayo huanza kulegea kabla ya hapo. Trufo ni dhaifu kuliko chokoleti ya kipande, kwa kuwa hutengenezwa kwa gramu 200 za chokoleti nyeusi na mililita 100 za krimu, na hivyo karibu theluthi moja ya uzito wake ni krimu ambayo haigandi kabisa hata ndani ya friji. Ukiipasha krimu mpaka ianze kutoa mapovu pembezoni, ukaimimina juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, ukaiacha dakika mbili au tatu kisha ukaikoroga taratibu kuanzia katikati, utapata mchanganyiko unaong'aa ambao baada ya saa mbili kwenye friji huviringika vizuri na kupakwa unga wa kokoa. Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Ugumu wake wote uko katika baridi, kwani friji lisilokatikiwa umeme ni chombo cha lazima hapa kama ilivyo sufuria.

Wapo wanaodhani kwamba tatizo huisha wakizivika trufo koti la chokoleti ngumu. Koti hilo lina sharti lake. Chokoleti nyeusi iliyoyeyushwa hadi nyuzijoto 45 au 50 inapaswa kushushwa mpaka 27 au 28, kisha kupandishwa tena kidogo hadi 31 au 32, ili mafuta yake yagande kwa mpangilio unaoipa mng'ao na mlio inapovunjwa. Isipofanyiwa hivyo hubaki na mabaka meupe kama ukungu, na hulainika kwa kuguswa tu. Sasa mtu aliye katika chumba chenye nyuzijoto 32 ataishusha vipi hadi 27 bila bakuli la barafu chini yake? Inawezekana, nami nimewahi kufanya, lakini inahitaji kipimajoto, uangalifu na bahati, maana tone moja la maji ya ile barafu likiingia katika chokoleti iliyoyeyuka, hushikana papo hapo ikawa kama udongo na hairudi hali yake.

Kuna njia ya mkato ambayo siikatai: chokoleti ya kuokea ambayo badala ya mafuta ya kokoa imetiwa mafuta mengine ya mimea, mara nyingi ya kokwa za mchikichi. Huyeyushwa na kugandishwa bila hesabu ya nyuzijoto, na huvumilia joto kwa muda mrefu kidogo. Utaitambua kwa kusoma orodha ya viambato kwenye pakiti. Ladha yake ni duni, huacha utando wa mafuta kwenye kaakaa, na ndiyo maana ninaitumia kwa kuchovya matunda tu, kamwe si kwa trufo.

Hukumu hii inabadilika kwa wakazi wa nyanda za juu. Nairobi, ambako mchana wa Februari kwa kawaida huishia kati ya nyuzijoto 26 na 28 na alfajiri huwa na baridi ya kutosha kuvaa sweta, na vilevile Arusha na Mbeya, chokoleti ni chaguo halali kabisa, hasa ikiandaliwa asubuhi na mapema. Anayeishi Mbeya ana sababu nyingine ya kuipenda, kwani kokoa ya Tanzania kwa sehemu kubwa hutoka Kyela, mwendo wa saa chache tu kutoka mjini, ingawa sehemu kubwa yake husafirishwa nje ikiwa punje kavu. Akipata chokoleti iliyotengenezwa kwa kokoa ya nchini na kuiyeyusha kwa ajili ya mwenzi wake, atakuwa ameweka mezani kitu chenye asili ya karibu, jambo ambalo mimi hulithamini sana.

Kashata za nazi

Kashata huanzia mahali tofauti kabisa. Kinachoishikilia ni sukari iliyoganda upya kuwa chembechembe, na sukari haiyeyuki kwa moto mkavu mpaka ipite nyuzijoto 180. Jua la saa saba la Kariakoo halina uwezo wowote juu yake. Kashata iliyopikwa vizuri ikipanda bodaboda itashuka ilivyopanda, na hili peke yake linanitosha kuiweka mbele ya chokoleti kwa kila mtu wa pwani ambaye zawadi yake itavuka mlango wa nyumba.

Kipimo ninachokitumia ni vikombe viwili vya nazi iliyokunwa, vikombe viwili vya sukari, yaani takriban gramu 400, nusu kikombe cha maji, kijiko kimoja cha chai cha iliki iliyosagwa wakati huohuo, na chumvi kidogo sana. Nazi iwe imekomaa, ikunwe kwa mbuzi, na mkunaji asimame kabla ya kufikia lile ganda jembamba la kahawia ikiwa anataka kashata nyeupe zinazopokea rangi vizuri. Sukari na maji huchemshwa mpaka shira ivutike. Njia salama ya kupima ni kudondosha tone katika bakuli la maji baridi, na likikusanyika kuwa kidonge laini kinachobonyea, shira iko karibu nyuzijoto 115 na nazi inaweza kuingia. Tangu hapo mwiko hautoki mkononi mpaka mchanganyiko uache kushika pembeni mwa sufuria na uanze kuonekana mkavu juu. Ndipo humwagwa kwenye sinia lililopakwa mafuta, hulainishwa kwa mgongo wa kijiko, na kukatwa ungali vuguvugu.

Neno hilo "vuguvugu" ndilo linalowashinda wengi. Ikikatwa moto, kashata hufungana tena. Ikiachwa ipoe, hupasuka vipande visivyo na umbo. Katikati yake kuna dakika chache tu, pengine tano au sita, na kwa mtu anayetaka maumbo ya moyo dakika hizo ni chache sana kama hana kikatio. Kikatio si lazima kinunuliwe dukani. Fundi bati wa mtaani hukunja ukanda wa bati kuwa moyo kwa muda mfupi, na ukiuosha kisha ukaupaka mafuta kidogo utakufaa kwa miaka mingi. Hata hivyo, ninawashauri wanaoanza wakate kashata zao kwa umbo la msumari, yaani pembenne za mshazari kama zilivyozoeleka, na wauache moyo uonyeshwe na rangi: nusu ya mchanganyiko ibaki nyeupe, nusu nyingine itiwe matone mawili ya rangi nyekundu, kisha tabaka la waridi limwagwe juu ya jeupe. Mama mkwe wangu, mpishi wa Tanga aliyenifundisha kashata, huzifanya hivyo kwa harusi, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza umbo.

Onyo moja ninalitoa kwa msisitizo, kwa sababu nimeona sufuria nzima ikipotea kwalo. Usitie ndimu wala unga wa choya katika shira ya kashata, hata kama rangi ya choya inakuvutia. Uchachu huvunja sukari na kuizuia kuganda tena, na ndiyo sababu wapishi wa kaimati hukamulia ndimu katika shira yao ili ibaki ya maji maji. Kile kinachoifaa kaimati kinaiharibu kashata, nayo itabaki kama jamu hata ukiisubiri mpaka kesho.

Udhaifu wa kashata za nazi ni maisha yake. Nazi mbichi ina maji na mafuta, na ikiwa haikukaushwa vya kutosha jikoni itaanza kunuka uchachu siku ya tatu. Iliyopikwa mpaka ikakauka hukaa siku tano bila friji katika kopo lililofungwa. Kashata za karanga hukaa zaidi, lakini sizipendekezi kwa anayeanza, kwa sababu sukari yake huyeyushwa kavu mpaka ikawa ya kahawia, na tone lake likimwangukia mtu mkononi hushika ngozi na kuendelea kuunguza. Aidha, kabla ya kumpelekea mtu karanga ni vyema kuwa na hakika kwamba mwili wake hauzikatai.

Jambo la mwisho kuhusu kashata ni kinywaji chake. Kahawa chungu na kashata ni jozi ambayo wauza kahawa wa pwani wameitunza kwa muda mrefu, na wawili wanaokaa barazani jioni ya tarehe 14 wakiwa na birika dogo, vikombe viwili visivyo na mkono na sahani ya kashata za waridi, hawakosi chochote kilichomo katika boksi la dukani.

Labania

Kama kashata inashinda kwa uvumilivu, labania inashinda kwa sura. Hii ni sukari, maji, samli na maziwa ya unga, ina undugu wa wazi na vitamutamu vya Kihindi, na inajulikana vizuri katika nyumba za Mombasa na Unguja. Kikombe kimoja cha sukari na nusu kikombe cha maji huchemshwa mpaka shira ivutike kama uzi kati ya vidole viwili, baada ya kuipooza kijikoni bila shaka. Sufuria huepuliwa, kisha vikombe viwili vya maziwa ya unga yaliyochekechwa, kijiko kikubwa kimoja cha samli na iliki huingizwa huku unakoroga kwa nguvu. Kazi yote haizidi dakika 20, na sehemu kubwa ya dakika hizo ni kungoja shira.

Tofauti yake na kashata iko katika mkato. Kashata ina nyuzi za nazi zinazokwama kwenye makali ya kikatio, ilhali labania ni laini kama udongo wa mfinyanzi, hivyo moyo unaokatwa hutoka na kingo safi, na mabaki yakikandwa yangali na joto hukatwa tena. Inapokea rangi ya waridi kwa upole unaopendeza kuliko kitamutamu kingine chochote ninachokijua, na ukiidondoshea arki ya waridi kidogo, harufu na rangi husema jambo moja. Kwa mtu ambaye hajawahi kupika kitamutamu maishani mwake na anataka kumfurahisha mwenzi wake bila kuharibu sukari ya wiki nzima, hapa ndipo ninapomwelekeza bila kusita.

Ina gharama yake. Maziwa ya unga ni ghali kuliko nazi, hasa kwa mtu wa Tanga au Kilifi ambaye nazi iko uani. Pili, labania huelemea, na vipande vitatu vinamtosha mtu mzima, kwa hiyo sinia kubwa ni hasara. Tatu, joto la pwani haliiyeyushi lakini huitoa samli juu, ikang'aa na kupaka vidole mafuta, na ndiyo maana ninaihesabu kuwa ya siku tatu nje ya friji. Mwendo wa saa moja au mbili inauweza. Safari ya basi ya mchana kutwa isipewe.

Visheti

Safari ya basi ni kazi ya visheti. Wanaopendana lakini wanaishi mbali, mmoja Mombasa na mwingine Nairobi, au mmoja Tanga na mwingine Dodoma, ni wengi katika nchi zetu, na kwao sikukuu hii huamuliwa na mzigo utakaokabidhiwa kwa kondakta siku mbili kabla. Visheti ni unga wa ngano uliokandwa kwa samli na maziwa au tui, ukakatwa vipande vidogo, ukakaangwa kwa moto wa wastani mpaka ukakauka hadi ndani, kisha ukavishwa shira nzito inayoganda na kuwa koti jeupe la sukari. Hakuna unyevu uliobaki wa kuviharibu. Kopo lililofungwa vizuri huvitunza wiki mbili vikiwa bado vinavunjika kwa mlio.

Ukilinganisha na kashata, kazi ya visheti ni ndefu zaidi, kati ya saa moja na nusu na mbili, na nyingi yake ni kusimama mbele ya karai la mafuta ya moto katika mwezi ambao hata kivuli hakina ubaridi. Moto ukiwa mkali, vinabadilika rangi nje na kubaki vibichi ndani, kisha hulainika siku ya pili. Ukiwa mdogo, hunywa mafuta. Vikombe vitatu vya unga, gramu 100 za samli na maziwa ya kutosha kupata donge gumu kidogo ndicho kipimo kinachonipa sahani mbili zilizojaa, pamoja na shira ya vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji. Shira ikishakuwa nzito humiminwa juu ya visheti vilivyopoa, na mtu hupindua na kugeuza bila kuacha mpaka sukari ianze kuwa nyeupe na kila kipande kijitenge na mwenzake. Nafasi hiyo ya kugeuza inataka mikono miwili na chombo kipana.

Kwa umbo, visheti haviko tayari kuwa moyo. Ukivibonyeza juu ya mgongo wa kikunio au wa uma hupata michirizi inayoshika sukari, na ukivikunja hufanana na ganda la kombe. Ninavyoona, michirizi hiyo ni mizuri kiasi kwamba kuilazimisha kuwa moyo ni kuiharibu. Mwenye kutaka ishara ya mapenzi aitie rangi nusu ya shira, achanganye vyeupe na vya waridi katika kopo moja, na afunge kopo kwa utepe.

Biskuti, tende na vingine

Biskuti za siagi ndizo zinazokubali umbo la moyo kwa urahisi kuliko zote, na kipimo chake hakisahauliki: gramu 100 za sukari, 200 za siagi na 300 za unga, kwenye joto la nyuzi 170 hadi 180 kwa dakika 12 hadi 15. Tatizo ni oveni, na tena siagi, ambayo nayo husalimu amri mbele ya Februari kama chokoleti. Donge likandwe na kukatwa alfajiri, maumbo yawekwe kwenye friji nusu saa kabla ya kuokwa, la sivyo mioyo itatanuka ikawa miduara. Asiye na oveni anaweza kuoka katika sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini na makaa juu ya mfuniko, lakini moto wa makaa hauna kipimo, na mara ya kwanza isiwe siku ya zawadi. Zikishaoka zinasafiri vizuri karibu kama visheti.

Halua nimeiacha nje ya ulinganisho kwa heshima. Ile ya Unguja, Pemba na Oman, yenye wanga, samli, iliki, kungumanga na zafarani, hukorogwa kwa muda mrefu na mikono yenye nguvu, na wapikaji wake ni mafundi. Nunua kwao. Kaimati nazo ni tamu mno, lakini uhai wake ni saa moja au mbili baada ya kuingia katika shira, kwa hiyo zinamfaa tu yule anayekaanga huku mpenzi wake akiwa ameketi jikoni.

Tende zilizojazwa hazihitaji moto hata kidogo. Toa kokwa, weka lozi au korosho ya Mtwara iliyokaangwa, funga, na ukipenda zungushia nazi iliyokaushwa. Mume au mke mwenye kisukari asidanganywe kwamba hizi ni salama kwake kwa kuwa ni tunda. Tende ni sukari nyingi, na kipande kimoja kinachohesabiwa katika mlo wake ni bora kuliko sahani iliyopambwa.

Nani apike nini

Wanaoishi nyumba moja na wana friji wachague kati ya trufo na labania, na kama wote wawili wanapenda chokoleti, basi trufo, mradi zitoke kwenye friji baada ya chakula cha usiku na ziishe pale pale. Anayempelekea mtu kazini au mtaa wa pili achukue kashata, na azipike jioni ya tarehe 13, kwa sababu kashata ya siku ya pili imeshikana vizuri kuliko ya siku hiyo. Wa mbali achukue visheti, avipike tarehe 10 au 11. Mwenye muda wa nusu saa pekee, labania. Mwenye watoto wanaotaka kumsaidia mama au baba kuandaa, biskuti, kwa sababu mkono wa mtoto haufai karibu na shira ichemkayo wala karai la mafuta.

Kuhusu kufunga zawadi, ninapendelea kijikapu cha ukindu kilichotandikwa jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto, kwa kuwa plastiki hushika mvuke na kulainisha kila kitu. Kashata na labania zipangwe tabaka moja, na karatasi kati ya tabaka na tabaka. Mwenye asumini uani aweke vichala vichache pembeni, visigusane na chakula, au amsokotee mpenzi wake kikuba cha asumini na rehani kiende pamoja na kijikapu. Harufu hiyo na ile ya iliki zinapokutana, mpokeaji hujua kabla hajafunua.

Mwaka 2027 unataka mpango wa peke yake. Tarehe 14 Februari itakuwa Jumapili, na Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari kutegemea kuandama kwa mwezi, ilhali Jumatano ya Majivu itakuwa tarehe 10. Kwa nyumba za Waislamu zinazoadhimisha siku hii, kitamutamu kitaliwa magharibi, baada ya kufungua, wakati tumbo halitaki kitu kizito, kwa hiyo ningeandaa tende za korosho chache pamoja na mioyo midogo ya labania isiyozidi minne kwa watu wawili, nikaipika usiku uliotangulia baada ya futari ili niweze kuionja. Mkristo aliyeacha vitu vitamu kwa Kwaresima asipelekewe kisanduku kabla hajaulizwa, kwani wapo wanaojizuia hata Jumapili, na kashata iliyokauka vizuri inaweza kupikwa tarehe 8 ili iliwe tarehe 9, Jumanne, siku moja kabla ya majivu.